Kimeng'enya Kisichomeng'enya

Mwalimu wetu wa bailojia alikuwa na ugomvi na neno moja la Kiswahili, na ugomvi wenyewe ulidumu kuliko ndoa nyingi za pale mjini Singida. Neno ni kimeng'enya. Kila mwaka kidato cha tatu kikifika kwenye mada ile, anafunga madirisha upepo usipeperushe daftari, anaandika lile neno ubaoni kwa herufi kubwa, kisha anageuka na kutukazia macho.

"Kumeng'enya ni kufanya nini?"

"Kuvunjavunja chakula, Mwalimu!"

"Haya. Kuna kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza DNA. Hicho nacho kinavunja nini?"

Mwaka wetu, mimi ndiye niliyejitia kujua. Nikasimama, nikasema kinakula DNA. Chaki ikamvunjikia mkononi. "Rehema! Kikiila DNA, wewe utatoka wapi?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikakaa na aibu yangu, nikaapa moyoni kwamba yule bwana simpendi na sitampenda.

Alilichukia lile neno kwa sababu liliwadanganya watoto. Alisema aliyelitunga aliangalia tumbo tu, akaona kazi ya kuvunja chakula, akavibandika vimeng'enya vyote jina la walaji, kumbe vipo vinavyojenga. Alijaribu kutafuta jina jingine. Muhula mmoja alisema kijengenya, tukacheka. Muhula mwingine akasema kifundi, tukacheka zaidi, na yeye akacheka, akafuta. Mpaka anastaafu alikuwa bado hajalipata.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namsifia bure. Mtu huyu nilimdanganya. Aliniuliza swali moja hospitalini, mdogo wangu amelala ndani akiwa hoi, nami nikamjibu uongo na kiapo juu yake. Yeye akaamini kwamba amekosea jambo alilokuwa na haki ya kulisimamia, akanyamaza, na watu wa mjini wakaendelea kufanya alichokuwa akiwakataza. Kila ninachokumbuka juu yake nakikumbuka na jambo hilo likiwa limenikaba.

Alikaa Unyambwa, akija mjini kwa baiskeli, kitabu kikiwa kimefungwa nyuma kwa mpira wa tairi. Kitabu chenyewe kilikuwa kinene, cha tiba, hakina jalada wala kurasa za mwanzo. Alikipata kwenye mitumba. Wenzake walichagua mashati na makoti, yeye akatoka na hicho. Alikisoma mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Ukimkuta anasubiri kusagiwa mtama mashineni, anasoma. Ukimkuta msibani kakaa na wanaume, kitabu kipo mapajani kimefunikwa kofia, na tulijua kabisa kwamba anatamani kukifungua.

Alikuwa mgumu wa alama. Kupata sabini kwake ilikuwa sherehe. Lakini mwanafunzi akikosa daftari, kesho yake analikuta jipya kwenye dawati na hakuna anayemuuliza limetoka wapi. Alikuwa mkali kwa uchafu wa kucha, na zake zilijaa udongo wa shamba la alizeti. Na lililotuchekesha kuliko yote, mtu aliyetufundisha habari za damu kutwa nzima alikuwa anaogopa sindano. Siku ya chanjo pale shuleni alijifungia stoo ya vifaa. Nesi alipogonga, alijibu kwa ndani kwamba anahesabu mirija ya maabara.

Kanuni ilimtaka afundishe kwa Kiingereza, na mtihani ulikuwa wa Kiingereza. Alianza kwa Kiingereza dakika kumi, akiona nyuso zetu zimefifia anahamia Kiswahili. Mkuu wa shule alimwonya mara kadhaa. Siku moja mkaguzi aliingia katikati ya kipindi, akakaa nyuma na kalamu yake. Tulijua kazi ya mtu iko mashakani. Mwalimu alimwangalia, akatuangalia sisi, akaendelea kwa Kiswahili kana kwamba hakuna aliyeingia. Baada ya kipindi tulimsikia ofisini akisema, "Bwana, hawa watakuja kuuza dawa na kuchoma sindano. Wakielewa nusu wataua watu." Alipelekewa barua ya onyo. Aliitumia kuwekea alama kwenye kitabu chake.

Mimi ndiye nilikuja kuuza dawa.

Enzi za ruksa zilipoingia, biashara zilifunguka kila kona. Marehemu baba alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na sukari, na alinusa mapema. Alinifungulia duka la dawa baridi karibu na soko, nikapata mafunzo mafupi na cheti, nikavaa koti jeupe. Watu wakaniita daktari, na wallahi sikuwakataza. Wakati huo klorokwini, dawa ya malaria, ilikuwa inachukiwa. Inawasha mwili mzima, mtu anajikuna ukutani, halafu unaimeza siku tatu. Ilipoingia SP, vidonge vitatu vyeupe, unameza mara moja basi, watu waliipokea kama mgeni wa heshima.

Wateja wa Singida ndio walionizoesha kuongeza na dawa ya pili. Akishika vile vitatu, mteja anasema, "Nipe na za damu." Kwao malaria inakunywa damu, kwa hiyo ukiua malaria lazima urudishe damu papo hapo. Vya damu vilikuwa vidonge vidogo vya njano, foliki asidi, vya miligramu tano, dozi kubwa. Nikaanza kuvifunga pamoja kabisa, vyeupe vitatu na vya njano kumi na tano, kwenye karatasi moja. Maduka mengine yakaniiga. Ikawa ndiyo tiba yenyewe, na asiyepewa vya njano anaona amepunjwa.

Mwalimu aliingia dukani siku ya gulio, duka limejaa. Nikamwamkia, akaitikia, halafu macho yake yakatua kwenye ile karatasi mkononi mwa mama mmoja wa Sepuka.

"Hivi vya njano vya nini?"

"Vya damu, Mwalimu."

"Wiki hiyohiyo na vile vitatu?"

"Siku hiyohiyo."

Akaweka kitabu juu ya meza yangu ya kioo. Wateja wakasogea, si unajua watu wetu wakiona kuna ugomvi. Yule mama akafunga karatasi yake kwenye pindo la khanga akasubiri.

"Mnajua shughuli ya harusi?" akawauliza. "Wageni mia, sahani thelathini. Watu watakulaje?"

"Si zinaoshwa, wengine wanapakuliwa," mama akajibu.

"Ndiyo. Kidudu cha malaria kikitaka kuzaana, lazima kwanza kinakili DNA yake, maandishi ya uzazi wake. Kunakili kunahitaji foliki, na foliki ndiyo sahani. Ikitumika mara moja inakuwa chafu. Yupo muoshaji anayeirudisha mezani. Muoshaji huyo ni kimeng'enya. Akikamatwa, hakuna DNA mpya, kidudu hakigawanyiki, kinakufa. Sasa SP ina dawa mbili. Moja inakizuia kidudu kisitengeneze sahani zake. Nyingine inamkamata muoshaji mikono. Umeelewa?"

"Naelewa."

"Sasa daktari huyu," akaninyooshea kidole, na lile neno daktari alilitamka kwa kejeli, "anakuuzia sahani za bure, gunia zima. Zinakwenda kugombania mikono ya muoshaji. Dawa inasukumwa pembeni. Harusi inaendelea!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamuuliza na sisi binadamu je, sisi hatuna muoshaji? Akafurahi, mjinga mimi, nilidhani nimembana. Akasema tunaye, lakini mikono yake ni tofauti kidogo, kile kidonge hakimshiki vizuri, na sisi sahani zetu tunazila kwenye mchicha na maharage. Kwenye tofauti hiyo ndogo ya mkono ndipo mtu anapona na kidudu kinakufa. Akasema madaktari wanazo dawa nyingine zinazomkamata muoshaji wetu sisi, wanazitumia kwa saratani, kwa sababu uvimbe wa saratani nao ni kuzaana kusiko na adabu.

"Kwa hiyo foliki ni mbaya?" mama akauliza.

"Hapana! Mjamzito anaihitaji sana. Kidogo, cha kila siku. Lakini si dozi kubwa wiki anayomeza vile vitatu. Asubiri."

Yule mama alivirudisha vya njano. Na wawili waliofuata wakavikataa. Nilimchukia siku ile kuliko siku ya darasani. Nilimwambia, mbele za watu, arudi kwenye chaki zake aniachie dawa zangu. Akafunga kitabu kwa mpira wake, akapanda baiskeli. Wiki iliyofuata akarudi, akaeleza tena, kwa wateja wengine, sahani zilezile. Akaja na wiki nyingine. Akienda na kwa wenzangu, wakimfukuza.

Alikuwa na msemo wake mmoja, "Nionyeshe nilipokosea." Aliusema kwa mkuu wa shule, kwa shehe, kwa padri, kwa mkewe. Wengi waliuona kiburi. Leo naamini alikuwa anaomba kweli.

Halafu mdogo wangu Saida akaja kutoka Sepuka, alikoolewa. Mimba yake ya kwanza, miezi sita. Alikuja kupumzika kwangu, maana kule ni jembe na maji. Siku ya tatu akashikwa na homa. Klorokwini hakuitaka, ilimwasha tangu utotoni. Nikampa vile vitatu. Na mkono wangu, kwa mazoea tu, ukachukua na vya njano. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni. Nikijua alichosema Mwalimu. Ndiyo, nikijua. Nilijiambia yule ni mwalimu wa shule, anajua nini cha wagonjwa? Na ndani kabisa nilitaka Saida apone haraka, nimwonyeshe.

Homa ikashuka siku mbili. Nikatamba. Siku ya tano ikarudi na kishindo, macho yakawa ya njano, viganja vyeupe pee. Tukamkimbiza hospitali na shemeji, mumewe, ambaye alikuwa ameteremka na lori la alizeti alfajiri ile. Maabara wakatuambia malaria tano, vidudu tele. Damu hakuna. Wakamtundikia dripu ya kwinini, wakasema tafuteni wa kutoa damu, upesi.

Ya shemeji haikuoana naye. Ya kwangu haikuoana. Nikatoka getini nikiwa nalia ovyo, na nani namwona na baiskeli yake? Alikuwa anapita kwenda posta. Nikamweleza. Akaiegemeza baiskeli, akaingia. Nilimwona alipoona sindano. Jasho lilimtoka usoni kama amemwagiwa maji, akamshika nesi mkono wa kushoto kwa nguvu mpaka nesi akalalamika. Lakini alipimwa, ikaoana, akatoa. Chupa nzima.

Alitoka akiwa ameshikilia pamba kwenye kiwiko, akakaa kwenye benchi la korido kati yangu na shemeji. Akapumua. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote:

"Rehema. Ulimpa na vya njano?"

Shemeji akanigeukia. Alikuwa ananitazama vile mtu anavyomtazama aliyemkabidhi mke wake.

"Hapana, Mwalimu."

"Una hakika?"

"Wallahi nakwambia, vile vitatu tu."

Na daktari alipouliza, nilimjibu hivyohivyo. Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, akaangalia pamba yake. "Basi nimekosea mahali," akasema.

Saida alipona. Mtoto alitoka siku ya pili yake, hakulia. Alikuwa wa kike. Tulimzika Sepuka, na mimi ndiye niliyemwosha, kwa mikono hiihii.

Mwezi haukuisha, Mwalimu akaja dukani siku ya gulio. Alichagua siku ya watu makusudi. Akasimama palepale aliposimama siku ya sahani, akavua kofia. "Niliwaambieni vile vya njano vinaiharibu dawa," akasema. "Nimeona mgonjwa ambaye hakupewa, na dawa imeshindwa vilevile. Kwa hiyo nilisema kwa nguvu kuliko ninavyojua. Nimemkosea binti huyu kazini kwake. Samahani, Rehema." Kuna mzee akapiga makofi. Nami nikasema, "Yamekwisha, Mwalimu." Mungu anisamehe, nilisema hivyo na koti langu jeupe.

Hakurudia tena habari ile. Hata darasani, wanafunzi wa miaka iliyofuata waliniambia, akifika kwenye SP alikuwa anasema tu inamzuia yule muoshaji, halafu anaongeza, "na zaidi ya hapo mimi sijui." Nikaendelea kufunga vyeupe na vya njano pamoja. Kuacha kungekuwa kukiri. Niliendelea mpaka semina ya wauza dawa, miaka kadhaa baadaye, mtaalamu aliposimama na kutukataza kwa maneno karibu yaleyale, ila bila sahani. Wenzangu waliandika. Mimi kalamu niliiweka chini, nikatoka nje.

Hata hapo sikwenda Unyambwa. Nilikwenda msimu uliopita wa kuvuna alizeti, na sababu ni Saida, siyo ujasiri wangu.

Nilimkuta Mwalimu uani, mwembamba, anapepeta uwele kwenye ungo, mkewe akimgombeza kwamba anamwaga. Alinitambua kwa sauti. Tulisalimiana, tukaulizana hali za watu, nikasema yote kwa mkupuo. Vya njano. Kiapo. Shemeji. Semina.

Aliendelea kupepeta kidogo. Kisha akaweka ungo chini. Nilitegemea anisamehe, sitaficha. Nilishajiandaa kulia.

"Miaka yote hii," akasema, "nimewafundisha watoto kwamba sijui." Sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa hasira. "Nilikuuliza swali jepesi, Rehema! Sikukuuliza nikufunge. Niliuliza nijue!"

"Naomba radhi, Mwalimu."

"Alimeza vingapi?"

Sikuelewa.

"Mdogo wako. Vya njano. Alimeza vingapi?"

Na hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe lililonileta. Nikamwambia sijui. Alikuwa anatapika, vingine akavificha chini ya godoro nisimgombeze. Nimejua juzi tu, shambani kwake. Mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa, ni mjamzito, na Saida alikuwa anamsimamia ameze kila kidonge cha kliniki mbele ya macho yake. Nikamtania kwamba amekuwa askari. Akaniambia, "Dada, mimi vya kwangu sikuvimaliza. Ulinipa vya damu nikavificha, damu ikaisha, nikamuua mwanangu. Sijawahi kumwambia mtu." Amekaa na hilo tangu wakati ule. Na mimi nilimsikiliza, nikamshika bega, nikanyamaza.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, ameacha kugomba.

"Labda ni vya njano," Mwalimu akasema. "Labda dawa yenyewe ilikuwa imeanza kushindwa na vijidudu. Labda vyote. Hatuwezi kujua sasa, na mimi sitasema nisichokijua. Lakini kwamba ni kwa sababu ya alivyovificha, hilo ni uongo. Hilo nalijua." Akainuka kwa kushika ukuta. "Mama, nipe kofia. Rehema, baiskeli siwezi tena. Tafuta gari."

"Mwalimu, nitakwenda mwenyewe."

"Hutakwenda. Ulishapata miaka ya kwenda."

Tulifika Sepuka saa tisa alasiri. Saida alikuwa uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, mkwewe amekaa pembeni kwenye kivuli cha ghala, tumbo mbele. Saida alipomwona mgeni aliacha fimbo akaja mbio, akamwamkia kwa magoti, akasema huyu ndiye damu yangu, huyu, akamwita mkwewe aje amwone. Mwalimu akamwitikia. Akamwambia, "Mwanangu, dada yako ana neno." Akajikongoja mpaka kwenye gogo, akakaa, akatuachia.

Saida akanigeukia, bado anatabasamu, makapi ya alizeti yamejaa kwenye nywele.

"Nini tena, dada?"

"Vile vidonge vya njano, Saida," nikamwambia. "Afadhali hukuvimaliza."